Kuacha Sigara, Kisukari na Kolesteroli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya kisukari mkoani Tanga. Maswali mengi ya kweli siyasikii ndani ya chumba cha daktari. Nayasikia kwenye benchi la nje, mtu akisubiri kuitwa huku ameshika kadi yake. Haya hapa ni yale yanayohusu sigara na mafuta ya kwenye damu, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale, ila kwa nafasi zaidi. Wengi wanaoniuliza wana kisukari cha aina ya pili, kwa hiyo majibu yameelemea huko. Daktari wako ndiye anayejua dawa zako na historia yako. Usibadilishe dozi yoyote kwa sababu ya ukurasa huu.

Nimeacha sigara miezi mitatu sasa. Mbona kolesteroli haijashuka?

Swali hili naanza nalo kwa sababu ya mzee mmoja, fundi seremala. Alikuja na karatasi mbili za maabara: moja imekunjwa mara nne ndani ya kadi, nyingine mpya ya asubuhi ile. Penseli yake ilikuwa nyuma ya sikio la kulia kama kawaida. Sikio la kushoto, ambako kwa miaka yote niliyomjua alichomeka sigara, lilikuwa tupu. Akazitandaza karatasi mezani, akaweka kidole kwenye LDL. "Binti yangu, hebu nisomee. Kabla sijaacha, 3.4. Leo, 3.4. Sasa mateso yote yale nilijitesea nini?"

Maabara haikukosea, na yeye hakukosea kuacha. Aliyekosea ni yule aliyemwambia, "Acha sigara kolesteroli ishuke." Kuacha sigara hakushushi LDL, yale mafuta tunayoyaita mabaya, kwa kiasi cha kuonekana. Trigliseridi nazo hubaki karibu palepale. Kinachosogea ni HDL, mafuta mazuri: tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja zinaonyesha hupanda kwa wastani wa 0.1 hivi. Mzee wangu hakuwa hata ameitazama HDL yake. Ilikuwa 0.8, sasa 0.9.

Najua 0.1 inaonekana kama si kitu. Lakini kwa mtu aliyekuwa na 0.8 hilo ni ongezeko la moja ya nane, na limekuja bila kidonge. Tena hiyo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya alichokipata. Sehemu kubwa haiandikwi kwenye karatasi ile, nami nimeieleza huko chini kwenye swali la faida. Nilipomaliza kumweleza alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mngeniambia hivyo tangu mwanzo." Alikuwa na haki. Ahadi isiyo ya kweli humrudisha mtu kwenye sigara siku ile ile anapopokea majibu.

Zile namba kwenye karatasi zinasomwaje?

Kwanza tazama kipimio. Maabara nyingi huandika mmol/L, nyingine huandika mg/dL. Mama mmoja alikuja analia kwamba LDL yake imepanda kutoka 3 hadi 120, kumbe alikuwa amebadilisha maabara tu. Kwa kolesteroli, zidisha mmol/L kwa 38.7 upate mg/dL. Kwa trigliseridi, zidisha kwa 88.6. LDL ya 3.1 na LDL ya 120 ni kitu kimoja.

Namba za mafuta ninazozitaja hapa ni za mmol/L. LDL: kwa mwenye kisukari inatakiwa chini ya 2.6. Ukiwa na kisukari pamoja na mambo mengine ya hatari, kama presha au figo kuanza kuchoka, madaktari wengi hulenga chini ya 1.8. Ukishapata mshtuko wa moyo au kiharusi, miongozo ya Ulaya inataka chini ya 1.4. HDL: mwanamume iwe juu ya 1.0, mwanamke juu ya 1.3. Trigliseridi: chini ya 1.7.

Kisukari cha aina ya pili kina sura yake kwenye karatasi: trigliseridi juu, HDL chini, na LDL inayoonekana ya wastani tu. Hiyo LDL ya wastani inadanganya. Kwa mwenye kisukari chembe zake huwa ndogo na nzito, na chembe ndogo hupenya ukuta wa mshipa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana unaweza kuwa na namba sawa na ya jirani yako asiye na kisukari, na hatari zenu zisiwe sawa.

Moshi wa sigara unafanya nini kwenye mafuta ya damu?

Fikiria samli iliyochacha. Ilipotoka kwa muuzaji ilikuwa nzuri; ikakaa wazi, hewa ikaiingia, ikabadilika harufu na ladha. Mafuta yameungua kidogokidogo kwa hewa ya oksijeni. Moshi wa sigara una kemikali zinazofanya jambo hilo hilo kwa LDL ndani ya mwili wako: unaichachisha. LDL iliyochacha ndiyo inayonasa kwenye ukuta wa mshipa. Chembe za ulinzi za mwili huiona kama adui, huimeza mpaka zinavimba, na hapo ndipo utando wa mafuta unapoanza kujijenga.

HDL kazi yake ni kuondoa kolesteroli kwenye kuta za mishipa na kuirudisha kwenye ini. Moshi hudumaza kimeng'enya kinachoisaidia kufanya kazi hiyo, kwa hiyo HDL hupungua, na ile iliyobaki haifanyi kazi vizuri.

Nikotini nayo ina njia yake. Huamsha adrenalini, adrenalini huachia mafuta yaliyohifadhiwa mwilini, mafuta hayo huenda kwenye ini, na ini huyarudisha kwenye damu kama trigliseridi. Ongeza hapo sukari nyingi kwenye damu, ambayo hujibandika kwenye chembe za LDL na kuzifanya zikae muda mrefu zaidi kwenye mzunguko. Kisukari na sigara havijumlishwi kama moja na moja. Kila kimoja kinaukuza ubaya wa mwenzake.

Kama LDL haishuki, faida iko wapi hasa?

Iko kwenye mshipa wenyewe. Kolesteroli haiui kwa kuwepo kwenye damu. Inaua inaponasa ukutani, utando ukapasuka, na damu ikaganda juu yake. Sigara ina mkono kwenye kila hatua kati ya hizo. Hukwaruza utando laini wa ndani ya mshipa. Huchachisha LDL. Hufanya chembe za kugandisha damu ziwe na gundi zaidi. Hubana mishipa. Hujaza damu hewa ya kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani, ambayo hunyang'anya nafasi ya oksijeni.

Ukiacha, LDL yako ya 3.4 inabaki 3.4, lakini sasa inapita kwenye mshipa usiokwaruzwa kila saa. Haichachi kwa kasi ile. Damu haina gundi ile. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Nusu! Sijui dawa ya kolesteroli inayofanya hivyo peke yake.

Na miguu. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu mimi ndiye ninayefunga vidonda. Mwenye kisukari tayari ana mishipa ya fahamu iliyochoka. Anakanyaga msumari asisikie. Kidonda kinahitaji damu ili kipone. Sigara hubana na kuziba ile mishipa midogo inayoleta damu kwenye vidole. Nimeona vidonda viwili vilivyolingana ukubwa, vya watu wawili wa umri mmoja. Kimoja kilifunga kwa wiki saba. Kingine, cha aliyekuwa anatoka nje ya wodi kwenda kuvuta, kilianza kwenye kidole gumba na kikaishia chini ya goti. Tafadhali, kama huachi kwa ajili ya moyo, acha kwa ajili ya miguu yako.

Mabadiliko yanaonekana baada ya muda gani?

Mapigo ya moyo hushuka ndani ya dakika 20. Kaboni monoksaidi hurudi kiwango cha kawaida baada ya saa 12 hivi. HDL huanza kupanda ndani ya wiki chache. Mzunguko wa damu huimarika kati ya wiki ya 2 na ya 12, na wapo wanaoniambia wamegundua kwa kupanda ngazi tu. Mwaka mmoja, hatari ya moyo karibu nusu. Miaka 15, inakaribiana na ya mtu ambaye hajawahi kuvuta.

Pima mafuta kabla hujaacha kama unaweza, halafu rudia baada ya miezi mitatu. Kupima kila wiki ni kupoteza pesa. Siku hizi vipimo vya mafuta si lazima ufunge, ila trigliseridi zikionekana juu sana utaambiwa urudi bila kula kwa saa 8 hadi 12. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, uliza kwanza ufanye nini na dawa za asubuhi hiyo.

Nimesikia ukiacha sigara sukari inapanda. Ni kweli?

Inaweza kupanda kidogo, kwa muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia kumbukumbu za wavutaji 10,692 wa Uingereza wenye kisukari cha aina ya pili. Walioacha, HbA1c yao, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, ilipanda kwa asilimia 0.21 hivi katika mwaka wa kwanza, kisha ikashuka taratibu, na baada ya miaka mitatu ikawa sawa na ya wanaoendelea kuvuta. Mtu aliyekuwa na 7.8 anaweza kujikuta na 8.0. Hilo ni jambo la kurekebisha kwa chakula, kutembea, au dawa. Si sababu ya kuwasha sigara.

Nalisema hili waziwazi ili usishtuke. Mgonjwa asiyeambiwa huona sukari imepanda, akajisemea "kumbe sigara ilikuwa inanisaidia," akarudi. Sigara haikuwa inasaidia. Wavutaji kwa kawaida mwili wao unaikataa insulini zaidi ya wasiovuta.

Kwa anayechoma insulini mambo yanaweza kwenda upande wa pili. Nikotini hubana mishipa ya chini ya ngozi, na insulini inachelewa kuingia. Ukiacha, insulini ile ile inaweza kufanya kazi vizuri zaidi, na sukari ikashuka kuliko ulivyozoea. Mwambie daktari tarehe unayoacha kabla haijafika, na pima sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo.

Nitanenepa? Na unene si ndio unaoharibu kolesteroli?

Wengi huongezeka. Wastani ni kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka wa kwanza, na nyingi huja katika miezi mitatu ya mwanzo. Wapo wanaoongezeka zaidi, na wapo wanaopungua. Uzito ukiongezeka, trigliseridi huweza kupanda kidogo. Mzee seremala naye alikuwa ameongeza kilo tatu. Hata hivyo HDL yake ilipanda. Na tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka zinaonyesha kwamba waliopunguza hatari ya kufa kwa moyo ni walioacha, hata wale walionenepa.

Tatizo ninaloliona mimi ni pipi. Mtu anaacha sigara, mdomo unataka kazi, anaweka pipi mfukoni. Pipi kumi kwa siku kwa mwenye kisukari ni balaa. Kashata kijiweni, hivyo hivyo. Kwa watu wa hapa pwani nawaambia weka karafuu mbili tatu mdomoni, au iliki, au kipande cha tangawizi, au shika mswaki wa mti. Karanga za kukaanga bila chumvi ni nzuri pia, ila kiganja kimoja, si pakiti. Maji ya baridi kwa kunywa taratibu husaidia kuliko watu wanavyofikiri, maana hamu ya sigara ikikupanda huwa inadumu dakika chache tu kisha inapita.

Kwenye chungu, angalia tui zito na mafuta ya kukaangia. Tui la nazi lina mafuta mengi yanayopandisha LDL. Sisemi uache wali wa nazi, mimi mwenyewe siwezi. Usiwe wa kila siku, na utumie tui jepesi. Maharage, mchicha, dagaa na samaki wa kuchoma vitakusaidia zaidi kwenye karatasi ya maabara kuliko sigara iliyoachwa, na hapo ndipo LDL inaposhuka kweli, pamoja na dawa.

Natetemeka na nina hasira. Ni arosto au sukari imeshuka?

Swali zuri kuliko yote, na la hatari kuliko yote. Dalili za arosto, yaani mwili kudai nikotini uliyoizoea, na za sukari kushuka zinafanana: kutetemeka, hasira za ghafla, njaa, kichwa kuuma, akili kutotulia. Baba wa watu anamfokea mkewe, mke anasema "ni arosto hiyo, itapita," kumbe sukari ni 2.9 mmol/L.

Kanuni yangu ni moja: pima kwanza. Weka mashine ya kupimia pale ulipozoea kuweka kiberiti, ili mkono ukienda kutafuta kiberiti ukutane nayo. Ikiwa chini ya 4.0, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu kidogo cha kushikilia, kama kipande cha muhogo au mkate.

Kama huna mashine na unatumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ichukulie kuwa ni sukari imeshuka. Jasho jembamba la baridi na moyo kwenda mbio huashiria sukari zaidi kuliko arosto. Waeleze wa nyumbani jambo hili kabla ya siku ya kuacha. Mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote. Apelekwe hospitali mara moja.

Arosto yenyewe huwa kali siku tatu za kwanza mpaka wiki, kisha hulegea. Baada ya wiki mbili hadi nne kwa wengi mwili umetulia.

Kwa nini kahawa inanikosesha usingizi tangu niache?

Kwa sababu moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kazi hiyo inarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kikombe kile kile kinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Vikombe vinne vya kahawa chungu ulivyovizoea kijiweni sasa vinafanya kazi kama vinane. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, na wewe unadhani ni arosto inayokushinda. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Nimeona watu waliokuwa wanakaribia kurudia wakatulia kwa hili tu.

Nikiacha sigara naweza kuacha dawa ya kolesteroli?

Hapana. Hizi ni kazi mbili tofauti. Kuacha sigara hulinda mshipa. Statini hushusha LDL. LDL ikishuka kwa 1.0, hatari ya matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa wenye kisukari hupungua kwa karibu moja ya tano. Ndiyo maana mwenye kisukari aliyefika miaka 40 kwa kawaida hushauriwa kuanza statini hata kama LDL yake haionekani mbaya.

Wagonjwa huniambia pia kwamba statini "inaleta kisukari." Inaweza kupandisha sukari kidogo, ni kweli, lakini faida yake kwa moyo wa mtu mwenye kisukari ni kubwa zaidi ya hapo. Ukipata maumivu ya misuli yasiyoelezeka, rudi kliniki ubadilishiwe, usiache kimyakimya. Na mwanamke anayetaka kushika mimba au mwenye mimba azungumze na daktari kuhusu statini kabla ya kuendelea nayo.

Mzee seremala alianzishiwa atorvastatini, mojawapo ya statini, siku ile ile aliyoniletea karatasi zake.

Na kitunguu saumu, mdalasini, maji ya limao?

Kula, ni chakula. Usiviweke mahali pa dawa.

Kuna dawa za kusaidia kuacha? Zinafaa kwa mwenye kisukari?

Zipo, na unapungukiwa na kitu kama hukuulizia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku, likapendekeza nikotini mbadala, yaani ya kutafuna au ya kubandika kwenye ngozi, pamoja na varenikilini, bupropioni na saitisini, zote ziende na ushauri. Upatikanaji wake kwenye maduka yetu ya dawa si wa uhakika, na bei inauma. Ulizia kwenye hospitali ya rufaa na famasi kubwa.

Nikotini ya kubandika bado ni nikotini, lakini haina moshi, haina kaboni monoksaidi, na inatumika kwa muda kisha inapunguzwa. Ni salama zaidi mara nyingi kuliko kuendelea kuvuta. Usiibandike pale unapochoma insulini. Bupropioni inahitaji uangalifu: inaweza kusababisha degedege, na hatari hiyo huongezeka kwa mtu ambaye sukari yake hushuka ovyo kwa insulini au vidonge. Daktari lazima ajue.

Nimepunguza kutoka ishirini hadi moja kwa siku. Inatosha?

Hongera kwa hizo kumi na tisa, nazo zilikuwa ngumu. Lakini kwa moyo hesabu haiendi hivyo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo anayevuta ishirini. Mtu angetegemea moja ya ishirini. Ni karibu nusu. Mishipa huumia kwa moshi kidogo tu. Hiyo moja iliyobaki, ambayo mara nyingi ni ile ya baada ya chakula au ya chooni asubuhi, ndiyo inayofaa kuwekewa tarehe.

Mimi sivuti sigara, navuta shisha tu. Na ugoro je?

Shisha ni tumbaku yenye marashi. Maji hayachuji sumu. Yanaupoza moshi tu ili uvute mwingi zaidi, na mkaa unaoichoma hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku Desemba 2017, na walikuwa na sababu.

Ugoro, kuberi na tumbaku ya kwenye tambuu havina moshi, lakini nikotini yake hupandisha presha na adrenalini, na kansa ya kinywa inatoka huko huko. Bibi zangu wa tambuu, ukitaka tambuu basi iwe bila tumbaku, na popoo nayo ipunguzwe kwa sababu yenyewe pia husababisha kansa. Sigara za kielektroniki hazina moshi wa kuungua, lakini nyingi zina nikotini, na sizipendekezi kwa mtu ambaye mishipa yake tayari ina kazi ya kupambana na sukari.

Mimi ndiye mwenye kisukari, mume wangu ndiye anayevuta. Inanihusu?

Inakuhusu sana, dada yangu. Moshi wa mwenzako huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30 kwa asiyevuta. Kuvutia dirishani hakusaidii. Moshi unarudi na unaganda kwenye mapazia na godoro. Aje naye kliniki. Kina baba wengi hawasikii wakiambiwa na mke, lakini nikiwaonyesha karatasi ya mke wao wanakaa kimya na kusoma.

Ramadhani inaweza kunisaidia kuacha?

Ndiyo, kwa wengi ni mlango ulio wazi. Mtu anayekaa tangu alfajiri hadi magharibi bila sigara tayari anaweza. Kinachomshinda ni dakika ile baada ya futari. Funguo yako ni hapo: baada ya tende na maji, inuka ukaswali, usikae na wenzako wanaowasha. Lakini swali la kama ufunge au usifunge ni la kwanza, nalo ulijadili na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu dozi na saa za dawa hubadilika. Na kupima sukari hakubatilishi saumu, wanazuoni wamelieleza hilo. Kwa hiyo pima mchana.

Nimevuta miaka thelathini. Si nimeshachelewa?

Hujachelewa. Ile nusu ya hatari inayoondoka mwaka wa kwanza haiulizi ulianza lini. Na mwenye kisukari ndiye anayepata zaidi kwa kuacha, kwa sababu ndiye aliyekuwa na zaidi ya kupoteza.

Niliacha wiki kumi na nane, nikarudia. Nifanye nini?

Usikae nyumbani kwa aibu. Watu wengi walioacha moja kwa moja walijaribu mara kadhaa kwanza. Njoo kliniki na uniambie tu: ilikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa kando yako, ulikuwa umekula? Mara nyingi jibu liko kwenye njaa, pombe, au msiba.

Kwa mzee seremala ulikuwa msiba. Kaka yake alifariki Handeni, wakakesha, mtu akampa moja usiku wa manane, asubuhi akanunua nyingine mbili. Alikuja siku ya kliniki yake, akakaa mwisho wa benchi akinisubiri niwe peke yangu. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Binti yangu, nimeharibu." Nikamwambia tatu si ishirini, na tukatafuta tarehe. Akachagua Jumatatu inayofuata, kwa sababu siku hiyo angekuwa na kazi ya milango ya shule na mikono yake ingekuwa na shughuli. LDL yake kwa statini ilikuwa imeshafika 1.9, na HDL bado 0.9. Nikaiandika tarehe kwenye kadi, chini ya sukari ya siku ile. Akaisoma mara mbili, akachomoa penseli nyuma ya sikio na kuizungushia duara.